Sofia wa Mzee Reino

Hakuna mtu katika nyumba yetu ya wazee aliyepata kumwona Bernadine Vukelich akikaa kitako kwa dakika kumi. Pasti yake ya mchana, lile andazi la nyama na viazi, aliila amesimama kando ya kaunta yangu, mkono mmoja umeshika chakula, mwingine unabofya kalamu: tik, tik, tik. Mimi nilikuwa nikisukuma toroli la kahawa na mkate wa iliki, nikaisukuma kazi hiyo miaka kumi na saba, na nakwambia kalamu ile niliisikia hata nikiwa nyumbani kwangu naosha vyombo.

"We Bernie," Rhonda, mkuu wa wauguzi, alikuwa akimwambia, "umekalia siafu?"

"Sijakalia kitu. Ndiyo maana."

Alizaliwa hapahapa mjini, enzi migodi ya shaba bado inapumua. Alianza kazi kwetu upande wa kufulia nguo, akakunja mashuka miaka tisa huku akisoma kwa posta, mpaka akapata cheti cha afisa ustawi. Mumewe alifariki mapema, watoto hawakujaaliwa. Nyumba ya wazee ikawa ndiyo nyumba, na wazee sitini na wawili wakawa ndio familia.

Miongoni mwa kazi zake ilikuwapo moja ambayo wazee waliichukia kuliko sindano: kupimwa kumbukumbu. Kila baada ya miezi mitatu Bernadine alipita chumba hadi chumba na fomu zake. Anakutajia maneno matatu, unayarudia. Anakuuliza mwaka, mwezi, na siku ya leo. Kisha anarudi nyuma: yale maneno matatu ya mwanzo yalikuwa yapi? Alama zote ni kumi na tano. Ukipata kumi na tatu, uko sawasawa. Ukishuka chini ya nane, watu wanaanza kuongea juu yako ukiwa palepale, kama vile wewe ni kabati.

Maneno ya nyumba yetu yalikuwa kofia, nyeupe, kiti. Bernadine aliyatamka mara nyingi mno hata yakamtoka bila yeye kuwapo. Aliyasema macho yake yako kwenye karatasi, akizunguka chumbani, akinyoosha pazia, akiokota soksi. Alikuwa na watu wanne kabla ya chakula cha mchana na watano baadaye, na simu za ndugu zinamngoja mezani. Miaka kumi na tisa alipima hivyo, na hakuna aliyemwambia kitu.

Basi, mwaka ule wa 2012, theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha ya chini, na chumba namba thelathini na moja alikuwamo mzee mmoja aitwaye Reino Saarela. Alikuwa na miaka themanini na sita, kifua kama pipa, mikono ya kuvunja kuni. Ujana wake aliendesha winchi mgodini, ile mashine ya kuwashusha watu chini ya ardhi na kuwapandisha. Mgodi ulipofungwa akaendesha katapila la kusukuma theluji barabarani mpaka alipostaafu. Mkewe Lempi alikuwa ameshatangulia. Mtoto wake pekee, Inga, aliyekuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuja kila Jumatano na Jumapili na mfuko wa pipi za chumvi ambazo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuzila.

Mzee Reino hakuwa na matata. Ukimsalimia anatabasamu: "Salama, salama, nimekula." Ukimwambia baridi leo, anatabasamu: "Haswa, haswa." Lakini tangu majira ya joto mambo yake yalianza kututia wasiwasi. Mara anatoka nje bila koti huku muuguzi anamwita. Mara anaingia chumba cha watu. Mara unamwuliza kama anataka sukari, anakujibu Jumanne.

Na kipimo chake ndicho kilichokuwa kikiporomoka. Nilikuwapo mara ya mwisho, namimina kahawa.

"Reino, nitakutajia maneno matatu, uyarudie," alisema Bernadine akiweka sawa mito. "Kofia. Nyeupe. Kiti."

Mzee akafikiri. "Sofia. Nyepesi. Miti."

"Mwaka gani huu?"

"Ahsante, nimeshakunywa."

"Mwezi gani?"

Mzee akachungulia uso wa Bernadine, lakini uso ulikuwa umeinamia fomu. "Haswa," alisema.

"Siku gani leo?"

"Supu ya njegere."

"Na yale maneno matatu?"

Bernadine akarudia swali hilo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu huku amemgeukia. Mzee akachangamka. "Sofia! Nyepesi! Miti!"

Alama sifuri. Bernadine akaandika, akatoka.

Sofia huyo ndiye aliyetuburudisha majira yale yote ya baridi. Mzee alikuwa amemtaja tangu mwezi wa nane, na watu wakaamua ni mpenzi wake wa zamani. Wauguzi walimtania: "Reino, Sofia kakuletea salamu!" Naye anatabasamu: "Salama, salama." Mwingine alisema Sofia alikuwa mhudumu wa baa ile iliyoungua. Mwingine akasema la, alikuwa binti wa mwokaji mikate, mwembamba, ndiyo maana mzee anasema nyepesi, na walikuwa wakikutana huko kwenye miti. Hadithi ikakamilika bila mwenyewe kuchangia hata neno moja.

Inga alikuwa ameisikia tangu mwanzo, akaiweka moyoni. Jumatano moja akaja uso umevimba.

"Huyo Sofia ni nani?" alimwuliza Bernadine palepale koridoni.

"Sijui, Inga. Ni neno tu linalomjia."

"Linamjia? Mama yangu kamfulia mashati miaka hamsini na mbili. Mbona yeye hamtaji? Mbona Lempi halimjii?"

"Ugonjwa huu hauchagui."

"Basi mpelekeni huko upande wa pili," alisema Inga, akifuta pua. "Siwezi kukaa naye akimwota malaya wake."

Upande wa pili ulikuwa nyuma ya mlango wa vitufe vya namba. Huko waliwekwa wale waliokwisha kupotelewa na dunia, wasije wakatokea nje kwenye theluji. Wahudumu wake walikuwa watu wema, nasema kweli. Lakini anayeingia kule hatoki. Na mazungumzo ya kule ni mtu mmoja anaita mama yake tangu asubuhi, mwingine anagonga meza.

Ijumaa wakakaa kikao: Rhonda, daktari, Inga, na Bernadine akiwa amesimama dirishani. Wakakubaliana Mzee Reino ahamishwe Jumatano ijayo. Bernadine alitia saini. Kisha akaja kwangu jikoni, akamega mkate wa iliki, akaukamua mkononi ukawa makombo, hakula.

"Una nini?" nikamwuliza.

"Sijui. Kuna kitu kinanitambaa. Nimesahau kitu, na sijui ni nini."

"We ndo unapima watu, halafu unasahau?"

Hakucheka. Tik, tik, tik, akaenda zake.

Alikuja kunisimulia baadaye jinsi siku mbili zile zilivyompitia. Jumamosi alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Akahamisha kochi, akalirudisha. Jumapili asubuhi akapanda juu ya paa kuondoa theluji kwa sepetu, kazi ambayo sote tunaifanya huku, lakini yeye alikuwa ameifanya siku tatu kabla. Jirani yake alikuwa chini na mashine yake ya kurusha theluji, inanguruma. Upepo ukamvua Bernadine kofia ikaanguka uani kwa jirani. Jirani akaiokota, akampungia, akapaza sauti, na kwa ule mngurumo Bernadine akasikia: "Sofia yako! Sofia yako hii hapa!"

Alinilia kiapo kwamba ndivyo alivyosikia. Alisimama juu ya paa sepetu mkononi kama mtu aliyepigwa na shoti.

Hakuichukua hata hiyo kofia. Alifika kwetu saa saba mchana nywele zimejaa barafu, akapita bila salamu, akafungua kabati la mafaili. Akatoa fomu tatu za Mzee Reino: ya mwezi wa nane, ya mwezi wa kumi na moja, ya mwezi wa pili. Akaziweka kwenye toroli langu, juu ya vikombe.

"Soma," alisema. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Fomu ya kwanza, mahali pa kurudia maneno: Sofia, nyepesi, miti. Mahali pa kukumbuka: Sofia, nyepesi, miti. Fomu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mwandiko ni wake mwenyewe.

"Unaona?" alisema. "Alikumbuka. Kila mara alikumbuka yote matatu, kwa mpangilio uleule. Mimi nikampa sifuri."

Tukaenda namba thelathini na moja. Mzee Reino alikuwa dirishani ametupa mgongo, anatazama katapila linavyosukuma theluji kwenye maegesho. Bernadine akasimama mlangoni.

"Reino!" alisema. "Suruali yako inaungua!"

Mzee akaendelea kutazama katapila.

"Reino! Inga kaolewa na askofu!"

Mimi nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha nikamtazama Bernadine usoni, kicheko kikanikauka.

Alizunguka akasimama mbele ya mzee. "Aa, Bernie! Salama, salama. Nimekula."

Akatafuta cha kuandikia. Nikampa kifuniko cha boksi la biskuti na kalamu nene tuliyokuwa tukiandikia majina kwenye sahani. Akaandika kwa herufi kubwa, akamwekea mapajani. Mzee akavuta miwani, akasoma taratibu.

"Kofia. Nyeupe. Kiti." Akainua uso. "Na Sofia kaenda wapi?"

Bernadine akageuza kifuniko, akaandika: MWAKA GANI HUU?

"Elfu mbili na kumi na mbili. Kwani wewe hujui?"

MWEZI?

"Februari. Na yule bwege wa katapila anainua chuma juu mno, ataacha barafu chini, mtu atateguka. Jana nilitoka nikamwambie, mkanikimbilia kama mbuzi katoroka."

SIKU?

"Jumatatu."

Ilikuwa Jumapili. "Hapa kila siku ni Jumatatu," alisema mzee alipoona amekosea.

Bernadine akaandika: MANENO YALE MATATU?

"Kofia, nyeupe, kiti. Unaniona mtoto?"

Kumi na nne kati ya kumi na tano. Mimi mwenyewe siku ile sijui kama ningepata kumi na nne. Bernadine akachukua kifuniko mara ya mwisho, akaandika maneno mawili: REINO, HUSIKII.

Mzee akaiva uso mpaka kwenye upara. Akakipindua kile kifuniko, maandishi yakalala chini, akaweka viganja vyake viwili juu yake.

"Nani kasema?"

Bernadine alivuta kiti kikaja mbele kabisa, goti kwa goti, akakaa. Mimi nikajua haya si yangu, nikatoka na toroli langu, nikavuta mlango. Lakini Mzee Reino alidhani ananong'ona. Korido nzima ilisikia.

"Mwendesha winchi asiyesikia ni muuaji," alisema. "Kule zinapigwa kengele. Moja, simamisha. Mbili, shusha. Tatu, watu wamo ndani. Masikio yalianza kunitoka mwaka wa sitini na moja. Inga alikuwa anatambaa. Ningesema, ningefukuzwa siku hiyohiyo. Nikawa naweka kiganja kwenye bamba la chuma, nasikia kengele kwa mkono. Miaka saba, Bernie. Watu thelathini kwa mkupuo, kamba ya futi elfu sita. Kila asubuhi nasema leo nitawaambia. Siwaambii."

Wazee wawili waliokuwa wakitembea na fremu zao walikuwa wamesimama, hawathubutu kupumua.

"Siku moja mkono ulikuwa na ganzi. Kengele ikapigwa simamisha, mimi nikashusha. Arvo Lintula alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakufa. Wakaandika alikuwa mzembe. Alichechemea maisha yake yote, na kila tukikutana dukani ananipa mkono. Ananipa mkono, Bernie! Ukinyamaza mara moja, basi tena. Unazoea. Unatabasamu, unasema salama, salama."

Bernadine alitoka baada ya nusu saa. Hakuwa na kalamu mkononi.

Jumatatu mambo yakaenda mbio. Rhonda alimsikiliza mlangoni kwake mikono kiunoni.

"Fomu ina mahali pa kusikia," alisema Rhonda. "Uliandika nini pale?"

"Niliandika anasikia vizuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimsalimia akaitikia."

Rhonda akatukana, tusi moja fupi, halafu akapiga simu. Kuhamishwa kukafutwa. Daktari wa masikio akatoa nta ya ukubwa wa maharage, kisha akaagiza vifaa vya kusikia. Inga alipoletewa habari alisimama katikati ya ukumbi wa chakula, mkono mdomoni.

"Kwa hiyo hakuna Sofia?"

"Ni kofia," nikamwambia.

"Kofia?" Akaanza kucheka, cheko likageuka kilio, akaenda akamkumbatia baba yake kwa nyuma, mzee akashtuka nusura amwage supu. "Miezi sita sijamletea pipi za kutosha," aliniambia. "Namletea chache. Namwadhibu kwa kofia!"

Hapo wengine wangeshukuru Mungu wakalala. Bernadine hakulala. Mzee Reino alikuwa ameokoka, lakini kabati la mafaili lilikuwa lina miaka kumi na tisa. Alianza kuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zamu yake, akivuta droo moja moja. Alikonda. Ukimsemesha anakutazama kinywa badala ya macho. Niliwahi kumkuta kwenye stoo ya mashuka ameziba masikio kwa vidole, anamsikiliza muuguzi anayeongea nje, kujua yanafika kiasi gani.

"Utajiua," nikamwambia.

"Kule nyuma ya mlango wako kumi na wanne, na ni mimi niliyewapima wote."

"Si wote ni viziwi, Bernie."

"Wangapi?"

Akavuta droo nyingine.

Aliwapima wote kumi na wanne kwa kadi. Alitumia siku sita. Kumi na mmoja hawakubadilika. Kadi waliitazama wakaila pembe au wakaipakata kama mtoto. Mmoja alipanda alama mbili. Mwingine alilala. Wa mwisho alikuwa Eudora Tamblyn.

Mama Eudora alikuwa amefundisha hesabu shuleni kwetu miaka thelathini na sita. Nusu ya mji ilikuwa imekula rula yake, Bernadine akiwamo. Alikuwa nyuma ya mlango ule miaka miwili na mwezi mmoja. Kule walimwandika kuwa mkali, hashirikiani, anakataa kujibu.

Nilikuwapo, maana kahawa yangu inafika kote. Bernadine alipiga magoti mbele ya kiti chake, akainua kadi. Mama Eudora alisoma. Akaitazama kadi pembe hadi pembe, mpaka nikadhani naye yumo katika wale kumi na mmoja.

"Herufi zako bado mbaya," alisema. "Kofia, nyeupe, kiti. Elfu mbili na kumi na mbili. Mwezi wa tatu, tarehe sita, Jumanne. Endelea."

Bernadine hakuweza kuendelea.

"Endelea!" alisema Mama Eudora, kwa sauti ile ya darasani. "Utaniuliza tena maneno matatu. Kofia. Nyeupe. Kiti. Miaka miwili iliyopita ulikuja ukaniuliza, ukiwa umegeuka unafunga dirisha. Nikakwambia, sema tena. Ukasema tena, umegeuka vilevile. Nikakasirika nikakwambia toka. Wiki iliyofuata nikaletwa hapa."

Bernadine akaandika kwenye kadi: NISAMEHE.

Mama Eudora alisoma. Akachukua ile kalamu kutoka mkononi mwake na, kama anayesahihisha daftari, akaandika chini yake, polepole: NAKUMBUKA KILA SIKU. Akamrudishia.

Alitolewa kesho yake. Aliwekwa chumba chenye jua, meza moja na Mzee Reino wakati wa chakula. Wale wawili walianza kucheza karata kila baada ya kahawa, ule mchezo ambao karata zikijumlika kumi na tano unapata alama mbili, wakipigiana kelele hata wageni wakidhani wanagombana.

"Kumi na tano mbili!" anapiga yowe Mzee Reino.

"Kumi na tatu! Huwezi hata kujumlisha! Nani alikufundisha?"

"Wewe hukunifundisha mimi, mimi nilisoma shule ya kule juu!"

"Ndiyo maana!"

Lakini Bernadine akipita, Mama Eudora ananyamaza, anageuza uso ukutani, mpaka apite. Hakuacha kufanya hivyo. Watu walijaribu kupatanisha, pamoja na mchungaji. Mama Eudora akamwambia mchungaji kusamehe ni kazi yake yeye mchungaji, analipwa kwa hilo.

Bernadine aliandika barua kwa wakaguzi wa jimbo. Rhonda alimsihi asiipeleke.

"Tumeshasahihisha," alisema. "Tumeshanunua vile visanduku vya kukuza sauti, kila mtu anavalishwa kabla ya kupimwa. Unataka nini tena? Unataka watufunge?"

"Nataka iandikwe kwamba ni mimi."

"Kwa faida ya nani?"

"Kuna mtu alichechemea maisha yake yote na ikaandikwa ni mzembe," alisema Bernadine. Rhonda hakuelewa, mimi nilielewa.

Wakaguzi walikuja watatu, wakakaa siku nne. Nyumba ikapigwa faini. Bernadine alizuiwa kupima kwa miezi sita, akarudishwa upande wa kufulia, kwenye mashuka yaleyale aliyoanzia. Wapo waliosema anajitakia sifa. Wapo waliomwacha meza peke yake. Yeye alikunja mashuka, na wakati wa mapumziko alipanda juu kumsomea Mzee Reino gazeti karibu na sikio, maana vile vifaa mzee alivivua kila alipopata nafasi. Alisema vinamwonyesha jinsi sisi sote tunavyopiga kelele kwa mambo yasiyo na maana.

Majira ya joto ya mwaka uleule Mzee Reino alimwomba Inga amwendeshe mpaka kwa mtoto wa marehemu Arvo Lintula, anayefuga nyuki nje ya mji. Hatukujua waliongea nini. Inga alisema tu kwamba baba yake alizungumza kwa sauti kubwa sana, kwamba yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango, na hawakupewa hata maji. Njiani kurudi mzee alilala usingizi wa fofofo. Alifariki mwezi wa kumi, kwa moyo, mchana, karata mkononi. Mama Eudora alihesabu alama za mchezo ule ambao haukuisha, akasema marehemu ndiye angeshinda, jambo ambalo hakuwahi kulikiri akiwa hai.

Bernadine aliporudishwa kwenye kazi yake, alibaki na orodha moja aliyoshindwa kuimaliza. Ilikuwa ya wale aliowapeleka nyuma ya mlango ambao walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa ishirini na tisa, na hakuna kadi ya kuwapimia. Akaandika barua ishirini na tisa kwa ndugu zao. Aliandika kwa mkono, akaeleza alivyopima, akauliza kama marehemu alikuwa na shida ya masikio. Zilirudi sita. Mmoja alimtukana. Mmoja alimshukuru kwa kumpa mama yake mto wa pili. Watatu walisema hawajui.

Ya sita ilifika mimi nikiwa kando yake kwenye kabati la mafaili. Aliisoma, akanipa. Ilikuwa mistari miwili tu, kutoka kwa mwanamume wa Wisconsin: "Mama alikuwa hasikii sikio la kulia tangu akiwa mtoto. Tulidhani mnajua."

"Ulipompima, ulikuwa ukisimama upande gani wake?" nikamwuliza.

"Wa kulia," alisema.

Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye faili la yule mama, akasukuma droo. Asubuhi ile alikuwa amefika mkazi mpya, mzee kutoka shambani, chumba namba kumi na nne, bado hajavua hata koti. Bernadine alichukua kadi zake na kile kisanduku cha sauti, akaenda kumwona.